Ulimi wa Bibi Shamba

Pua yake aliiamini kuliko kitu kingine chochote duniani. Ukimpelekea kiganja cha udongo hakuutazama. Aliupeleka puani kwanza, akafumba macho, na wewe uliyeuleta ukabaki umesimama kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Akikunja uso, ujue umepata kazi. Akitabasamu, ujue umepata kazi vilevile, maana atataka urudi palepale ulipoutoa ukamletee mwingine, tena safari hii kwenye gunia.

Hapa Katubuka tunamwita Bibi Shamba, kwa kuwa ndiyo kazi aliyostaafia. Alikuwa ofisa ugani miaka yake yote, akizunguka vijiji vya juu huko kwa pikipiki hadi magoti yakakataa. Jina lake tunalijua lakini hakuna anayelitumia, na yeye mwenyewe akikupigia simu husema, "Bibi Shamba hapa," kisha anaanza kukutuma. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Ukuta wa nyuma wa karakana yangu ndio ukuta wa uani kwake, kwa hiyo nimeishi na moshi wake, harufu zake na maneno yake kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote, ukimtoa mke wangu. Sikuomba ujirani huo. Alinikuta tu, kama alivyomkuta kila mtu.

Nasema pua yake aliiamini, ingawa mwenyewe yuko hai. Ni pua tu iliyopita. Siku hizi hanusi kitu. Nitafika huko, na huko ni kubaya, kwa hiyo niacheni nianze na mema wakati bado nina hamu ya kuyasema.

Siku ya kwanza alikuja na pipa la chuma, analiviringisha mwenyewe barabarani, watu wanampisha. Alitaka nilikate mdomo na nilizibe vizuri chini, lisiingize hewa hata kidogo. Nikafanya kosa la kumuuliza la nini. Alinieleza mpaka adhuhuri. Mtu yeyote wa Kigoma anajua kwamba tukishakamua mawese zinabaki kokwa, tunaziita mise, na mise zikishapasuliwa yanabaki maganda magumu meusi yanayorundikwa nje ya mashine hadi yanakuwa kichuguu. Wengi wetu tunayamwaga njiani kuziba matope. Yeye aliyaona kama mali. Alikuwa akiyachoma kwenye lile pipa kwa namna ambayo sikuwahi kuona: anawasha juu, moto unashuka chini polepole, moshi unakatika, na kabla hayajageuka majivu anayamwagia maji. Yanatoka makaa mepesi, yanalia kama vigae ukiyatikisa. Majirani waliokuja na visahani kuomba kidogo ya kuwashia jiko waliondoka na maneno makali. Makaa yale hayakuwa ya kupikia. Yalikuwa ya kuzika.

Hapo ndipo watu walipoanza kuwa na wasiwasi naye.

Maana baada ya kuyaponda kwenye gunia hakuyazika hivihivi. Alikuwa na pipa lingine, la plastiki, la bluu, kivulini karibu na ukuta wangu, limefunikwa kwa kitenge kikuukuu na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Mle ndani aliweka udongo alioutoa chini ya miti mizee mlimani, majani yaliyooza, uji wa muhogo uliopoa, maji ya kuoshea mchele, na maji ya kuoshea dagaa ambayo aliyafuata mwenyewe Katonga, mwaloni kando ya ziwa, kwa akina mama wanaoanika. Alikoroga kila siku kwa mti mrefu. Kukicha nilisikia kifuniko kikifunguliwa, halafu kimya kidogo. Huo ulikuwa muda wa kunusa. Likinuka kama togwa iliyokaa vizuri, alilifunika huku anaimba kwa Kiha. Likinuka yai viza, siku yetu sote iliharibika.

"Fundi," aliniambia, "mkaa huu una vyumba, vingi mno, vidogo kiasi kwamba macho yako hayatoshi. Ukiuzika mtupu utavuta chakula chote cha udongo ujaze vyumba vyake, na mboga zako zitakaa na njaa msimu mzima. Kwanza tia wapangaji."

Wapangaji ni vijidudu. Si vile vya kuleta magonjwa, alisisitiza, bali vile vinavyokaa na mizizi, vinaivunjia chakula, vinailetea maji, navyo vinapewa kidogo cha kula. Mkaa ni nyumba yao. Mvua haiwasombi, jua haliwaui. Aliyasema haya kwa yakini ya mtu anayezungumzia familia ya mtaa wa pili. Ukimwamkia "Shikamoo Mama," alijibu, "Marahaba, umewalisha?" Wageni walidhani anauliza habari za watoto wao, wakajibu kwamba ndiyo, wamekula, wamekwenda shule.

Kuna harusi moja ya Ujiji sitaisahau. Tulialikwa pamoja, yeye amevaa kitenge kipya na kilemba cha kusimama, mke wangu anamsifia njia nzima. Tulipoketi akatoweka. Tulimkuta nyuma ya nyumba kwa wapishi, kilemba kimelegea, amesimama juu ya beseni ambamo wanaosha mchele wa pilau, anawasihi wasimwage yale maji. Wapishi wale walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Mke wangu alitamani ardhi immeze. Mimi ndiye niliyebeba ndoo hadi Katubuka na suruali yangu ya sherehe, na sikuzote nikipita mtaa ule huwa natembea upande wa pili.

Kuhusu uchawi, lilisemwa, na lilifika mbali. Mtu anachoma vitu, anaviponda, anavitia kwenye pipa lenye harufu, halafu anavizika kwenye viwanja vya watu. Wewe ungesema nini? Mwenyekiti wa mtaa aliletwa aje aone. Bibi Shamba hakujitetea. Alifungua kifuniko akamwambia, "Nusa." Mwenyekiti akanusa, tukamwona anafikiri, kisha akauliza kama kitu hicho kinafaa kwa nyanya. Aliondoka na kidumu. Kesi ikaisha hivyo, ila mpaka leo wapo mabibi ambao wakifika kona ya uani kwake huongeza mwendo.

Mwanamke huyu aliyetumia maisha yake kwa ajili ya mboga hakupenda mboga. Nimekula naye mara nyingi, najua. Ukimwekea lengalenga alizisogeza pembeni ya sahani kwa heshima, akamalizia samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo. "Mboga nawapikia watu," alisema. Na ingawa uani kwake kulikuwa na udongo kila mahali, ndani kwake huingii na viatu, na akikuta punje ya mchanga sakafuni atakuuliza imetoka wapi. Kisha kuna habari ya mbolea za dukani, zile za chumvichumvi. Alizigawa vijijini kwa miaka mingi, alifundisha vipimo vyake, na alipostaafu akazikataa. Alizizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mume aliyeachana naye: hakumtukana, lakini hakukosa la kusema.

Kubwa kuliko yote ni hili. Aliwaambia watu wote waulize. Uliza, alisema, asiyeelewa na aulize, mimi si mwalimu wa viboko. Lakini ukimuuliza jambo akiwa kazini, alikujibu kabla hujamaliza swali, na alilojibu mara nyingi lilikuwa swali jingine, lile aliloliona kuwa ndilo ulipaswa kuuliza. Tulimcheka kwa hilo. Tulilichukulia kuwa ni tabia tu ya wazee wa ofisi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama mtaa wangu mwenyewe. Nimekulia hapa, nimeona maji yakijaa bondeni kila masika na nyumba zikizama hadi madirishani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Siku moja alichora kwa kijiti mbele ya karakana. Maji ya wenzetu yanateremka mpaka ziwani, akasema, yanakwenda zao. Sisi tuko kwenye sahani. Kinachoingia bondeni Katubuka kinakaa bondeni Katubuka, mpaka jua likinywe, na jua linakunywa maji tu, mengine yote linatuachia. "Hayana pa kwenda, Fundi." Ndiyo maana kule bondeni alitaka matuta ya kuinuliwa, tena ya juu. Nilimkatia mabati ya kuzuia kingo.

Matuta hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya Mama Furaha.

Mama Furaha ni wa Katonga, wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo ya ziwa kabla hajazaliwa, na Kiswahili chao hakijamtoka hadi leo. Alikuwa muuza dagaa. Mumewe alikufa majini, akamwachia watoto na kiwanja kimoja bondeni huku kwetu, ambacho hakuna mtu mwenye akili angejenga juu yake. Ziwa linapofungwa ili samaki wazaliane, yeye na chanja yake ya kuanikia walikuwa wanatazamana tu. Bibi Shamba alimjua kwa sababu ya yale maji ya kuoshea dagaa. Alikwenda kuchota ndoo, akarudi na habari za kiwanja, na hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alimfuata Katonga tena na tena. Alimwambia udongo ule umechoka lakini haujafa. Alimwambia aache kutazama ziwa.

Nilikuwepo walipoanza, nimekuja kufunga mabati. Ardhi ya pale ilikuwa ngumu na ya kijivu. Jembe likiigonga linarudi. Walichanganya mkaa uliokaa kwenye pipa hadi ukaiva, tuta kwa tuta, Bibi Shamba anapiga magoti yale mabovu matopeni, Mama Furaha anamwaga, na kila tuta likinuswa kabla ya kufunikwa. Sikutegemea kitu. Mimi kwa kawaida sitegemei kitu, imenisaidia sana maishani.

Lengalenga ziliota majani mapana kama kiganja changu. Ntore, nyanya chungu zetu, zilizaa hadi matawi yakaegemezwa miti. Jembe likawa linaingia kwa uzito wake lenyewe, na ukichimba unakuta nyungunyungu, mnyama ambaye bonde lile lilikuwa limemsahau. Akina mama wa Katonga, wale wale aliokuwa akianika nao, wakawa wanapanda huku kufuata mboga zake. Baada ya misimu kadhaa Mama Furaha aliitoa chanja yake ya dagaa kwa mwanamke mwingine na kumwambia akae nayo kabisa, hatairudia. Bibi Shamba alishuka bondeni kila asubuhi kabla ya chai. Hakufanya kazi yoyote. Alisimama tu ukingoni, ananusa. Niliwahi kumwona ameweka mikono kiunoni na machozi yanamtoka, nikageuza baiskeli nikarudi, kwa sababu kuna furaha ambazo ukizitazama sana unazitia mkosi.

Nilisema nitafika kwenye ubaya. Ni huu.

Masika moja mvua zilikataa kukatika. Jua lilipotea kabisa, na dagaa wa Katonga wakaanza kuoza kwenye chanja. Akina mama wakafanya wanachofanya jua linapowakimbia: wakawatia chumvi. Waliwaloweka kwenye madiaba ya maji ya chumvi nyingi, wakawaosha humohumo, na maji yale ndiyo yaliyobaki ya kuchotwa. Ndoo ilifika uani kwa Bibi Shamba kama kawaida. Ilimwagwa kwenye pipa la bluu kama kawaida. Mkaa mpya ukalowekwa humo, ukaiva, ukazikwa kwenye matuta yote ya Mama Furaha kwa ajili ya msimu uliokuwa unakuja.

Chumvi haina harufu. Mtu aliyetumia pua yake maisha yote hangeweza kuijua kwa pua, na kwenye ndoo ile kulikuwa na harufu ya samaki tu, nzuri, ile aliyoizoea.

Mboga zilichipua, kisha kingo za majani zikaanza kuungua. Bibi Shamba alinijia karakanani na jani mkononi, uso umemshuka. Alisema wapangaji wana njaa, mvua imewapoza, hawafanyi kazi. Kwa akili yake dawa ilikuwa moja. Alichota maji ya pipa lile lile, akampelekea Mama Furaha, wakamwagilia matuta yote. Majani yalipozidi kuungua, wakamwagilia tena. Mimi niliwabebea madumu. Sote tulikuwa tunawalisha.

Mvua zilipokatika na jua likatoka, udongo wa juu uliota ukoko mweupe, mwembamba, unang'aa, mithili ya unga wa muhogo uliomwagika. Mboga zote zilikuwa zimelala. Tulisimama watatu. Bibi Shamba aliokota bonge la udongo, akalipeleka puani, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Mama Furaha hakungoja. Aliinama, akagusa ule weupe kwa kidole, akakitia mdomoni. Kisha akamtazama yule mama aliyemtoa ziwani.

"Mama," akasema, "onja."

Alichukua jembe lake na beseni lake, akaondoka, na kitenge chake kikabaki kimening'inia kwenye bati langu hadi leo hajakifuata.

Hapo baadaye watu walianza kusema Mama Furaha ndiye aliyeleta maji yale, kwa hiyo alijiponza mwenyewe. Kweli ndiye aliyekuwa akiyachota siku hizo, magoti ya mwenzake yalishakataa kwenda Katonga. Maneno hayo yalisemwa kwenye karakana yangu, na Bibi Shamba aliyasikia akiwa upande wa pili wa ukuta. Alikuja na fimbo yake. Alisimama mlangoni na kuwaambia waliokuwepo wamsikilize vizuri, kisha akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye hakimu.

"Aliniambia, Fundi. Asije mtu akasema hakuniambia. Alitua ndoo akasema, 'Mama, hii mayi ya leo iko na chumvi, jua hakuna.' Nikanusa. Nikamwambia mwaga pipani."

Mtu mmoja akakumbuka ana safari. Nilitaka kumwambia kwamba yeyote angeweza kukosea, lakini haikuwa kweli. Hakuna kati yetu ambaye angeweza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pua ya kujivunia. Watani wa mtaani hawakukosa la kusema. Walisema alistaafu habari za chumvichumvi, ikamfuata nyumbani. Alipousikia utani huo alicheka kidogo, kwa adabu. Mimi sikucheka na sijacheka.

Mwanzo alidhani inaweza kuondolewa. Alisafisha lile pipa la bluu kwa maji ya mvua, akaanza upya na udongo mwingine wa mlimani, na kwa kuwa magoti yameisha nilimpeleka mimi. Tulichimba matuta ya Mama Furaha, tukayamwagia maji safi ili yaoshe chumvi ishuke. Ikashuka. Ikafika chini, ikakutana na maji ya bonde, ikapanda tena. Kuhusu mkaa, sifa yake yote ilikuwa kwamba unashika kila unachoupa, unakaa nacho, unakitoa kidogokidogo kwa miaka. Alikuwa amenihubiria hilo kwa miaka. Sasa ulikuwa unashika na kutoa kidogokidogo vilevile.

"Mkaa hauchagui mpangaji," aliniambia siku tulipoacha kuchimba. Alikuwa amekaa chini kabisa, matopeni, na hakuomba nimwinue.

Mama Furaha amerudi Katonga. Chanja yake ina mwenyewe, aliyepewa kwa moyo mmoja, kwa hiyo sasa anaanika dagaa za wenzake kama kibarua. Naipita Katonga mara kwa mara nikienda kutengeneza mitumbwi ya chuma, nasimama kumsalimia. Hana kinyongo, au kama anacho amekikunja vizuri. Anauliza habari za Mama. Hunipa fungu la dagaa nimpelekee. Nilitamani siku moja atukane, alie, aseme tulimfanyia nini, maana hasira ina mwisho. Ila yeye huuliza tu, "Mama aliamka?" na kugeuza dagaa za watu juani. Kiwanja kile hataki kukisikia. Nilipomgusia mara moja alisema ile ni ardhi ya marehemu, wamwachie marehemu.

Bibi Shamba hupokea zile dagaa kwa mikono miwili. Anazichemsha, anamwaga maji, anazichemsha tena, mpaka zinakuwa hazina ladha yoyote. Mke wangu ndiye aliyegundua. Siku hizi tunampelekea chakula, na alituomba kwa upole tusiweke chumvi, hata chembe. Mke wangu akasema ni presha, wazee wote wanakatazwa. Mtaa mzima unajua kwamba Bibi Shamba ana presha. Nilimuuliza mwenyewe anatumia dawa gani, nimsaidie kufuata. Akanitazama kwa mshangao. Hana presha. Alisema ulimi uliozoea chumvi hauwezi kuisikia ikiwa kidogo, na yeye anahitaji kuisikia ikiwa kidogo.

Ndivyo nilivyojua kwamba anaonja. Mvua zikikatika, maji yakirudi nyuma, anashuka bondeni na fimbo yake, anachukua udongo kutoka kwenye kila tuta la Mama Furaha, anautia ulimini. Halafu anatema, anasukutua na maji ya chupa, anakwenda tuta linalofuata. Siku udongo ule utakapokuwa udongo tu, alisema, atakwenda Katonga mwenyewe kwa miguu yake kumwita mwenye kiwanja. Hataki kumwita mapema. Hataki kukosea mara ya pili.

Na lile pipa la bluu liko hai. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kukicha bado nasikia kifuniko, mti unakoroga, ila hakuna tena ule ukimya wa kunusa. Anaonja kwa ncha ya kidole, anafunika. Analilisha uji wa muhogo kila siku, na mkaa haumwagi humo kwa kuwa hakuna pa kuupeleka. Nilimwambia agawe kwa majirani. Majirani wamekataa, nao huwezi kuwalaumu. "Wapangaji ninao," alisema. "Nyumba ndiyo sina."

Juzi nilimfuata bondeni. Mke wangu alikuwa amepeleka uji akakuta mlango wazi na nyumba tupu, na kwa kikohozi alichonacho sasa tulipata hofu. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya matuta, mabati yangu yameota kutu pande zote. Amekonda. Kilemba kilikuwa kimelegea kama siku ile ya harusi. Maji ya bonde yalikuwa karibu sana, karibu kuliko mwaka uliopita, yametulia, yana rangi ya chai.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, na hakuuliza kama nimewalisha.

Alikuwa na udongo kiganjani. Alisema ameonja matuta yote na hajui tena anachokisikia. Kuna siku anaisikia chumvi hata kwenye maji ya kunywa, hata kwenye mate yake. Alitaka mtu mwenye ulimi wa kawaida. Akaninyooshea kiganja, na nilielewa kwamba alikuwa amenisubiri pale kwa namna fulani, mimi au mwingine yeyote.

"Onja, mwana wanje, mwanangu. Usinionee huruma."

Nilichukua kidogo, nikakitia ulimini. Ulikuwa mweusi, laini, unavunjika vizuri; chembe za mkaa zilisagika menoni mwangu. Ulikuwa udongo mzuri ajabu. Na chumvi ilikuwemo, wazi kabisa, haikuhitaji ulimi wa mtu yeyote maalumu. Nilitema. Alikuwa ananitazama usoni, kwa hiyo sikulazimika kusema, akashusha kiganja na kuurudisha udongo ule kwenye tuta, akaupapasa kwa vidole usawazike.

"Bado," alisema.

"Bado, Mama."

Alikohoa kwa muda. Nikamshika bega mpaka kikapita. Kisha akatazama yale maji ya rangi ya chai, akasema mvua za mwaka huu zikiwa nyingi huenda zikausafisha udongo ule, na kwamba huenda ikachukua muda, yeye anaweza asiwahi kushuka tena huku, miguu imekataa. Akaniuliza kama nitamwonjea. Nikisikia hakuna kitu, niende Katonga nikamwite Mama Furaha, nimwambie Bibi Shamba amesema aje.

Nikasema nitaonja. Nikampa mkono, nikamwinua, nikabeba ndoo yake, tukapanda polepole kuelekea nyumbani. Sikumwambia kwamba maji yale hayana pa kwenda. Hilo alinifundisha yeye.